Karatasi Iliyokwisha Kunjwa

Iko michezo ya watoto ambayo mtu mzima akiijaribu hupata haya. Mmoja wao ni kukunja kipepeo kwa karatasi. Hakitakiwi kitu ila kipande kimoja chenye pande nne zilizo sawa. Hautakiwi mkasi, haitakiwi gundi, hautakiwi uzi. Kwa mikunjo isiyofika 15 karatasi iliyokuwa imelala bapa juu ya meza huinuka ikawa na mabawa manne na kiwiliwili chembamba katikati. Wajapani, walioilea sanaa hii hata ikajulikana ulimwenguni kwa neno la lugha yao, huiita origami: oru ni kukunja, na kami ni karatasi. Niliujaribu mchezo huu pamoja na binti yangu mwenye umri wa miaka tisa, na jambo lililotupata mezani lilinirudisha kwenye swali nililoliacha bila jibu kwa muda mrefu. Je, ubaya aliotendewa mtu waweza kuondolewa? Sisemi kulipwa, maana malipo yana mahakama zake. Wala sisemi kusamehewa, maana msamaha una mwenyewe. Nasema kuondolewa, hata iwe kama kwamba haukutendwa.

Yanipasa kwanza kuieleza kazi yenyewe, kwa sababu hoja yangu imo ndani yake. Karatasi hukunjwa pembe kwa pembe, kisha hukunjuliwa. Hukunjwa tena kwa pembe mbili zilizobaki, ikakunjuliwa mara ya pili. Sasa ina mistari miwili iliyopishana katikati. Hapo hupinduliwa, na katika kupinduliwa huko ndiko kulikojificha siri yote. Hukunjwa nusu kwa nusu, ukingo juu ya ukingo, ikakunjuliwa mara ya tatu. Ikirudishwa upande wake wa kwanza, ncha mbili za ule mstari wa tatu husukumwa ndani kwa vidole, na karatasi hujikusanya yenyewe ikawa pembetatu ya matabaka mawili. Pembe mbili za chini za tabaka la juu hupandishwa mpaka kileleni. Kazi yote hugeuzwa; kilele hushushwa hata kikapita ukingo wa chini kwa upana wa ukucha, na kile kidogo kilichozidi hukunjwa juu ya ukingo kikawa kama kifungo. Mabawa, kwa kuvutwa na kifungo hicho, hukataa kulala tena.

Msomaji aliyefuata kwa makini ameona kwamba mikunjo mitatu ya kwanza haikukunjwa ili ikae. Ilikunjwa ili ikunjuliwe. Kazi yake ni kuacha alama, na alama hizo ndizo zinazoiongoza karatasi inapojikusanya. Hapo katikati hukutana mistari sita, minne ikiwa imezama kama bonde na miwili ikiwa imeinuka kama mlima. Si bahati kwamba hesabu hizo hupitana kwa mbili. Iko kanuni, inayoitwa kwa jina la Mjapani Jun Maekawa, kwamba mahali popote mikunjo ikutanapo, ikiwa karatasi italala bapa, mikunjo ya mlima na ya bonde lazima ipitane kwa miwili, haipungui wala haizidi. Anayesahau kuipindua karatasi kabla ya mkunjo wa tatu anakuwa na mabonde sita na hana mlima hata mmoja. Ataisukuma, ataibembeleza, ataikasirikia, haitajikusanya. Sijui mwalimu wa hisabati mkali kuliko karatasi.

Binti yangu alisahau kuipindua. Zaidi ya hayo, mkunjo wake wa tatu haukukaa ukingo juu ya ukingo, bali ulikwenda upande kwa upana wa punje ya mchele. Alipoligundua kosa aliikunjua, akakunja upya mahali panapostahili, na karatasi ikawa na mistari miwili iliyokaribiana, mmoja wa haki na mmoja wa makosa. Mkunjo uliokosea upande hautishi. Bonde laweza kugeuzwa mlima kwa kukunjwa kinyume juu ya mstari ule ule. Uliokosea mahali ndio wenye taabu. Aliusugua kwa ukucha. Aliusugua kwa mgongo wa kijiko. Mwishowe aliiweka karatasi chini ya kamusi yangu iliyo nzito kuliko zote, akaenda kulala. Asubuhi mstari ulikuwapo, umefifia kidogo, na bado ukionekana kila mwanga ulipoupiga kwa ubavu.

Sababu ya jambo hilo si fumbo. Karatasi ni nyuzi za mimea zilizosukana bila mpango na kushikana zilipokuwa zikikauka. Panapokunjwa, nyuzi za upande wa nje huvutwa na za upande wa ndani hubanwa. Baadhi huteleza na kuachana, baadhi hukatika. Kunyoosha huirudisha karatasi katika ubapa wake, lakini hakuziungi nyuzi zilizokatika. Hata karatasi bora ya Kijapani inayotokana na mti wa kozo, ulio ndugu wa mforsadi, yenye nyuzi ndefu na imara, huvumilia mikunjo mingi bila ya kupasuka, walakini nayo haisahau.

"Baba," akaniambia, "hii imeharibika. Nipe nyingine."

Katika maneno hayo imo rai ya kwanza juu ya ubaya uliokwisha kutendwa, nayo ina wafuasi wengi waliokwisha kuota mvi. Ni rai ya kuanza upya. Mtu huhama mtaa, hubadili marafiki, hungoja mwaka mpya au msiba mpya, akitumaini kwamba atapewa karatasi ambayo haijaguswa. Rai hii inapendeza machoni, lakini haifai katika mambo ya watu wawili, maana mmoja hawezi kuihama karatasi ambayo mwenzake bado amo. Ndugu yake ni rai ya kukata: paondolewe pale penye mstari, pabaki palipo safi. Sisi Waswahili tunaifahamu sana, tunasema kukata urafiki, kukata udugu. Wakunja karatasi wa siku hizi wameifanya mwiko. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kipepeo ni miongoni mwa maumbo ya zamani ya sanaa hii. Katika arusi za Kijapani vipepeo wawili wa karatasi, dume na jike, hufungwa kwenye vyombo vya kumiminia pombe ya mchele, na mshairi Ihara Saikaku alikwisha kuwataja vipepeo wa karatasi katika shairi lake fupi mwaka 1680. Zama hizo mkasi haukuwa adui. Kitabu cha korongo elfu, kilichopigwa chapa Kyoto mwaka 1797, kinafundisha kukunja korongo walioshikana kwa karatasi moja iliyopasuliwa hapa na pale. Sharti la kutokata kabisa lilipata nguvu katika karne ya 20. Mimi nalipenda sharti hilo kwa sababu moja: aliyekata ameondoa mstari pamoja na bawa.

Basi tukiacha kutupa na tukiacha kukata, kimebaki nini? Hapa naomba ruhusa ya kuingia katika shamba langu mwenyewe, ambalo ni lugha. Kiswahili kimelijaza neno kukunja mambo mengi ya nafsi. Mwenye hasira hukunja uso, na ikizidi hukunja ngumi. Na kinyume chake, tunapotaka kumsifu mtu kwa wema wake usio na kinyongo, tunasema ana moyo mkunjufu. Kwa haraka mtu aweza kudhani kwamba moyo mkunjufu ni moyo ambao haujapata kukunjwa, mweupe na bapa kama karatasi iliyotoka dukani. Sarufi haisemi hivyo. Kitenzi kunja kikitiwa kiambishi cha kutendua huwa kunjua, kama funga na fungua, ziba na zibua. Kutoka hapo huja kunjuka, na kutoka kunjuka huja -kunjufu, kama vile punguka ilivyozaa -pungufu na potoka ilivyozaa -potofu. Haufunguliwi mlango ambao haukufungwa, wala hakikunjuki kitu ambacho hakikukunjwa. Kwa mujibu wa umbo la neno lake, mkunjufu ni mtu aliyekwisha kukunjwa na baadaye akakunjuka.

Wanaisimu wenzangu watanikanya kwamba asili ya neno si hakimu wa maana yake, nami nakubali. Hakuna anayesema mkunjufu leo akiwa anahesabu viambishi. Hata hivyo nikiwakumbuka watu ambao nimewasikia wakiitwa hivyo katika maisha yangu, simwoni hata mmoja ambaye hakupata kuonewa. Mtoto mchanga anacheka vizuri sana, na hakuna amwitaye mkunjufu.

Methali zetu, kwa upande mwingine, hazina matumaini makubwa. Samaki mkunje angali mbichi, yasema moja. Udongo upatilize ungali maji, yasema ya pili. Zote mbili husemwa juu ya malezi, na zote mbili zina onyo lililofichwa: akikauka hakunjiki, atavunjika. Nimezifundisha methali hizi mara nyingi bila ya kuzitilia shaka. Shaka iliniingia niliposoma habari za Akira Yoshizawa, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 2005, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa origami ya zama hizi. Ujanani alifanya kazi kiwandani Tokyo, na huko aliwafundisha vijana wenzake jometri kwa kukunja karatasi. Mwaka 1954 alitoa kitabu kilichoeleza mikunjo kwa mistari iliyokatikakatika na mishale, hata mtu asiyejua Kijapani akaweza kuifuata. Kila mchoro wa kipepeo tunaoutumia leo una deni kwake. Lakini jambo lake lililonishika ni jingine. Yoshizawa alichukua karatasi nene, iliyokauka, ambayo kwa desturi ingepasuka kwenye mkunjo, akailowesha. Hakuizamisha majini, aliipa unyevu wa kadiri, nyuzi zikalegea kidogo katika kushikana kwake, akaiumba kwa vidole ikapata mizingo laini kama ya mwili ulio hai, akaiacha ikauke. Ilipokauka ilikaa katika umbo lake jipya.

Hili halizikanushi methali, bali linazitia sharti. Kilichokauka hakikunjwi kwa nguvu, hulainishwa kwanza. Mipaka yake nayo isisahauliwe. Maji huzilegeza nyuzi, hayaziungi zilizokatika. Na maji yakizidi, karatasi haikunjiki wala haikunjuki, huchanika mkononi.

Katika mambo ya watu, maji hayo ni nini? Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu tayari. Nilisema maji ni kukiri. Mtu akisimama akasema, "Nimekosa," bila ya kujitetea, basi kilichokauka baina yake na mwenzake hulainika. Nilikuwa na sababu ya kuliamini jibu hili, kwa kuwa niliwahi kulitenda, na kwa muda nilijivunia.

Miaka kadhaa iliyopita nilipokea insha mbili zilizofanana kwa aya tatu nzima. Mwandishi wa kwanza alikuwa kijana mwepesi wa kusema, aliyesifiwa na kila mwalimu. Wa pili alikuwa mkimya. Alikuwa na desturi ya kubaki nyuma baada ya kipindi, kila juma, kuniuliza jambo moja tu, kisha hushukuru akaondoka. Sikuchunguza. Nilimwita yule mkimya, nikamwambia amenakili, nikampa sifuri, nikaandika barua ikatiwa katika jalada lake. Alisema, "Mwalimu, sikunakili," mara moja tu. Wingi wa maneno ulikuwa kwangu. Baada ya majuma matano yule mwepesi wa kusema alikuja kwangu, dhamiri ikiwa imemchoma, akakiri kwamba aliazima rasimu ya mwenzake usiku mmoja na kuitumia.

Nilirudisha alama. Niliiondoa barua jaladani na kuichana kwa mikono yangu. Tena nikaona hayo hayatoshi; kwa kuwa fedheha ilikuwa imekwisha kuenea, nikasimama mbele ya darasa zima nikasema kwamba nimemdhulumu mwenzao, nikamtaja, nikamwomba radhi. Alisimama, akainamisha kichwa, akasema, "Si kitu, Mwalimu. Yamekwisha." Darasa likapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kama pamba.

Tangu siku ile hakubaki nyuma tena baada ya kipindi. Aliondoka pamoja na wenzake, kwa adabu, na maswali yake ya kila juma sikuyasikia tena. Nilijifariji kwamba ana haraka, kwamba mitihani imekaribia, kwamba vijana hubadilika. Kosa langu, nilijiambia, limemfundisha kusimama mwenyewe. Labda hata limemfaa.

Sasa nirudi mezani. Tulikiendeleza kipepeo chetu kwa karatasi ile ile yenye mistari miwili, na kilipokwisha, ule mstari wa makosa ulikuwa umepita juu ya bawa la kulia. Kwa kweli haukuchukiza. Ulifanana na mshipa, kama ile tuionayo katika bawa la kipepeo hai tukilitazama kwa karibu. Nikamwambia mtoto, "Tazama, umekuwa pambo." Nilikuwa tayari kuandika insha ya namna nyingine kabisa kuliko hii. Akalitazama bawa kwa muda, akanijibu, "Lakini mimi sikuutaka."

Hakusema kwa hasira, naye alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa kazi ilikuwa yake. Mimi ndiye niliyenyamazishwa, maana niliona mara moja kwamba neno pambo halikuwa langu kulitamka. Mwenye kukosea juu ya nafsi yake aweza kusema kwamba kosa lake limemfaa. Ndiye mkunjaji na ndiye karatasi. Lakini mimi nilikuwa mkunjaji, na karatasi ilikuwa mtu mwingine. Mstari uko kwake, na faraja nimejitengenezea mimi. Vitabu vya mawaidha vinavyotwambia kwamba makosa ni mafunzo havitwambii ni nani aliyelipa karo.

Na liko neno la pili ambalo si langu. Katika lugha yetu ugomvi hufungwa kwa neno moja, yamekwisha. Wazee hulingoja katika baraza ya usuluhishi, na likishatamkwa kahawa huletwa. Neno hili lina mwenyewe. Aliyedhulumiwa akilisema, ni ukarimu. Aliyedhulumu akilisema, ni tusi la pili, na mtoto mdogo hulijua hilo bila ya kufundishwa. Kwa miaka yote hii nimelihesabu lile "yamekwisha" la mwanafunzi wangu kuwa ushahidi kwamba yalikwisha. Sikujiuliza alilitamkia wapi. Alilitamka amesimama mbele ya wenzake 60 hivi, mwalimu wake akiwa ameinama mbele yake, akingojea. Angesema nini kingine? Angesema kwamba bado? Nilikuwa nimemwomba radhi mahali ambapo kuikataa radhi kungekuwa utovu wa adabu, na hivyo nikamtia tena mkononi nikamkunja mara ya pili, juu ya mstari ule ule, safari hii kwa upole na kwa makofi. Maji nilikuwa nayo, nami niliyamwaga yote kwa mara moja.

Sitaki kusema kwamba kukiri hadharani ni kosa. Fedheha ilikuwa ya hadharani, na kuisafisha ilipasa kuwe hadharani. Ningelisema kwa darasa: huyu hakunakili, mimi ndiye niliyekosa, nikaishia hapo. Radhi ningeliiomba kando, kwa sauti ya chini, na baada ya kuiomba ningeliondoka kabla ya jibu, ili jibu libaki kwake, alitoe siku aipendayo au asilitoe kabisa. Uwezo wa kukataa ndio unaoufanya msamaha kuwa msamaha, nami niliuondoa uwezo huo kwa haraka yangu ya kutaka kuwa mwepesi.

Swali nililoanza nalo, kama ubaya waweza kuondolewa, naliona sasa kuwa ni swali la mkosaji. Mwanafunzi yule hakupata kuniuliza kama mstari utafutika. Aliijua karatasi kuliko mimi.

Nilimwona mara ya mwisho siku ya mahafali. Alikuwa amevaa joho, wazazi wake wamesimama naye wakiwa na mashada ya maua, na mdogo wake akihangaika na simu apate kupiga picha. Aliponiona alikuja kwa hatua ndefu. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, na uso wake ulikuwa mkunjufu. Nikaitika marahaba. Nilitaka kumwambia kwamba lile neno la darasani si deni lake, na kwamba akipenda aweza kulirudisha wakati wowote. Lakini watu walikuwa wengi, na mama yake alikuwa akinitazama kwa furaha kama mtu anayemtazama mwalimu mwema wa mwanawe. Nikampongeza, nikawapa mkono wazazi wake, nikasogea kando wapate kupiga picha yao.